Jina Kwenye Hati ya Baba

Tarehe 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unakuachia ushone angalau? Mimi mzima, ila magoti yananidai. Fundi vigae anapiga magoti kuliko sheikh na padri wakiwekwa pamoja.

Nina habari. Serikali ya huku ina mpango kwa watu wa hali yetu. Zamani, ukitaka mkopo wa nyumba, benki ilidai kwanza uweke fungu kubwa la bei. Sasa unaweka kidogo, na serikali inakudhamini kwa kinachopungua. Nilichokusanya miaka yote hii kinatosha.

Kuna sharti moja linanikwaza. Mwombaji asiwe na nyumba nyingine kwa jina lake, popote duniani. Nami, unajua, niko kwenye hati ya nyumba ya baba pamoja nawe. Dada, naomba unitoe. Ibaki yako peke yako. Hata hivyo ni wewe unayeifagia.

Mdogo wako

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, nami nipo palepale. Pole na magoti.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Baba alituandika wawili makusudi, ili siku tukigombana asiwepo wa kumwambia mwenzake toka. Hatujagombana. Sasa unatoka mwenyewe, kwa adabu zote, na shikamoo juu!

Nilikwenda ofisi ya ardhi kuuliza tu. Karani akasema, "Huyo ndugu yako yuko hai?" Nikamjibu yuko hai, ananiandikia barua. Akasema, "Basi kazi ipo, mama. Angekuwa marehemu tungemaliza upesi." Nilicheka mbele yake. Nje sikucheka.

Niambie jambo moja. Hiyo nyumba utakaa na nani?

Dada yako

Tarehe 30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo tena, na pole kwa karani yule. Mwambie bado napumua.

Nitakaa peke yangu. Sikudanganyi. Lakini hapa tunalala kwa zamu. Wa zamu ya usiku akirudi, godoro bado lina joto langu. Nikirudi mimi, lina joto lake. Tangu nije sijalalia shuka lililopoa. Nimeweka vigae kwenye majiko ya watu mpaka nimesahau idadi, na sijachemsha hata chai katika jiko moja. Nataka mlango nifunge mimi, nifungue mimi.

Karatasi ya kukubali kutoka kwenye hati nimeisaini mbele ya wakili, naye ameigongea muhuri. Nimeitia humu. Ukiona uzito, usiipeleke. Sitakununia.

Mdogo wako

Tarehe 14 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Tayari. Hati mpya ina jina langu tu, nakala yake ni hiyo, wapelekee benki. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nafika mlangoni pa ile ofisi narudi. Mwisho nikalikumbuka lile godoro, nikasema hapana, mtoto wa mama yangu apate pa kulala pake.

Usinishukuru, nitakasirika.

Chumba chako nimempangisha mwalimu wa hesabu, mtu mkimya. Mgongo ukigoma kushona, kodi yake inaninunulia dawa. Nguo zako nimezihamishia chumbani kwangu. Akikohoa mle ndani nainua kichwa, nadhani umerudi.

Dada yako

Tarehe 16 Mei

Dada,

Shikamoo. Unaumwa? Mbona kimya? Andika japo mstari mmoja, hata wa matusi.

Jana nilikwenda kuiona nyumba moja ninayotaka kuinunua. Dalali alitoka nje kupokea simu, nikabaki katikati ya sebule. Sijui nini kilinipata, nikaita "Dada!" kwa sauti. Ikanirudia mwenyewe. Nikaogopa, mtu mzima na ndevu zangu.

Kama ile karatasi hujaipeleka, ichane. Nitaendelea na zamu za godoro. Watu wengi wanaishi hivyo na hawajafa.

Mdogo wako

Tarehe 9 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Dawa zinakusaidia? Uliniandikia moja tu ya kusema usijali, kisha kimya, nami sikulaumu. Barua zetu zilipishana njiani. Hakuna mwenye kosa.

Nilichukua nyumba. Kwa kuwa kwa baba nilishatoka, niliona heri niingie mahali. Ina vyumba viwili, na dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jirani. Mpango wa serikali unataka mwenye nyumba akae mwenyewe, asipangishe. Kwa hiyo chumba cha pili kiko tupu kwa amri ya serikali. Mimi nalala sebuleni, karibu na mlango, nisikie watu wakipita.

Wenzangu wa kazini niliwaalika Jumapili. Nikapika sufuria zima. Wakasema ni mbali na zamu zinabana. Nimekula chakula kile mpaka Jumatano.

Ukija huku utakuwa mgeni wangu, na kitanda kipo. Mimi likizo yangu ni Desemba, nataka kuja huko. Kuna kitu nakifikiria nikiwa nimepiga magoti kazini, na hapa hakuna wa kumuuliza. Nikifika pale mlangoni kwa baba, niingie tu, au nipige hodi?

Nijibu, Dada.

Mdogo wako