Neno Lililonichelewesha Kazini

Mama watoto,

Uji uko kwenye chupa. Redio ya jirani usiiguse, nyaya bado ziko nje. Mtoto nimemlaza ubavuni mwako, na leo kasema neno zima.

Si "mama", kwa hiyo usijivune. Nimevaa viatu, namwinamia nimuage, naye kakazana kuchokonoa ile redio kwa kijiko. Akaninyooshea kiganja, kama ninavyomfanyia nikishika bisibisi, akasema: "Ngoja."

Nilicheka mpaka machozi. Halafu likanichoma, maana ndilo analolisikia kwangu kutwa.

~~Bibi yake usimwambie.~~ Mpigie simu bibi yake, mimi nikimpigia nitalia.

Nimechelewa nusu saa. Kaniambia ningoje, basi nikavua viatu, nikakaa sakafuni, nikangoja.

Baba yake