Kadi ya Heri

12 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, mgongo haukusumbui na kibanda chako cha viatu hakivuji. Mimi sijambo, ila mafua ya bweni yanatuzunguka kama zamu ya kufagia.

Barua hii nimeipiga mwenyewe. Mwalimu wa nukta, yule anayezungukia shule zenye watoto wasioona, hutujia kila Jumanne na kompyuta inayosema. Ukibonyeza herufi inaitaja, kwa sauti ya mtu aliyechoka na wewe. Vitabu vya nukta nundu nasoma kwa vidole, polepole. Barua zako ananisomea yeye. Ile ya mwisho alipofika kwenye "mwanangu" alikohoa, nikaona aibu, sijui kwa niaba ya nani.

Siku ya wazazi hukuja. Walifundishwa alfabeti ya nukta. Karatasi yako ya alfabeti na maelekezo mwalimu aliniombea, nimeiweka humu. Mitihani ni mwezi ujao, kisha likizo. Utakuja kunichukua?

Mwanao

21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, kibanda kinavuja palepale, mvua imeshapazoea.

Siku ya wazazi nilikuja. Nilifika hadi getini, nikamsikia mwalimu akimuuliza mama mmoja mtoto wake alianza lini kutoona ubao. Nikageuka nikarudi. Mimi ningejibu nini? Jibu unalijua, na darasa lako lote la zamani linalijua.

Yapo mambo sitaki yapitie kinywani mwa mwalimu (samahani mwalimu, najua ni wewe unayesoma hapa). Ndiyo maana nimeanza nukta. Kutoboa ni kazi yangu: kipande cha ngozi chini, kadi juu, sindano ya viatu mkononi. Nimefuata maelekezo ya karatasi. Unatoboa kwa nyuma, unaanzia kulia, ili kadi ikigeuzwa isomeke kuanzia kushoto. Humu kuna neno moja la mitihani. Mwalimu asiliguse. Lisome peke yako.

Likizo nitakuja.

Baba yako

18 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nasikia mitihani imekwisha. Kadi ilifika? Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami usiku na mchana nasikilizia mshindo tu. Niambie siku ya kufunga shule, nikushonee viatu vya safari.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Kadi ilifika. Nilijifungia chooni kuisoma, maana bwenini hakuna siri. J, i, w, e. Nikarudia, nikidhani vidole vimekosea. Vidole vyangu siku hizi havikosei.

Siku ile ulipoitwa shuleni kwa sababu nilikuwa nasimama mbele ya ubao bila kujibu, uliwaambia wote kuwa umezaa jiwe. Nilidhani hilo limepita. Sikujua utajifunza nukta ili uniambie tena.

Mitihani nilifanya. Shule imefunga. Nimeomba kubaki bwenini na wale ambao kwao ni mbali. Usisumbuke kuja.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Sijui hata nianze na salamu gani. Niliandika heri. Heri ya mitihani, mama.

Nimeichukua ile karatasi ya alfabeti nikaishika mbele ya kioo cha chini, kile wateja wanachojitazamia viatu. H ikawa j. E ikawa i. R ikawa w, na i ikawa e. Nilianzia kulia kama nilivyoambiwa, lakini kila herufi nayo ilitakiwa igeuzwe, mimi nikaitoboa kama ninavyoiona. Na ndiye mimi ninayewagombeza mafundi wapya: ukikata ngozi kwa nyuma geuza kigezo, la sivyo utapata viatu viwili vya mguu wa kushoto.

Mkono ulikosea, sawa. Lakini kama nisingelitamka lile neno siku ile, ungelisoma ukacheka, ukasema baba kaharibu. Hukucheka. Ulijua linatoka kwa nani. Hilo linaniuma kuliko kosa la sindano, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kadi ya pili hii hapa, nimeitoboa nikitazama kioo. Nisamehe. Hapa mwalimu asome kwa sauti, arudie.

Nije?

Baba yako

16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mafua yameniacha, yamehamia kwa mpishi.

Mwalimu alisoma, akarudia. Safari hii hakukohoa.

Kadi ya pili inasema heri. Ya kwanza sikuitupa. Leo nimeipapasa upande wa nyuma, wenye vishimo, na h ilikuwepo. Sikuwa nimeitafuta huko.

Njoo Jumanne, si siku nyingine. Hata likizo mwalimu wa nukta hutujia Jumanne, sisi tuliobaki. Atakuuliza nilianza lini kutoona ubao. Usigeuke getini. Mjibu, na mimi niwepo nasikia.

Mwanao