Mahudhurio ya Tarehe Tisa Mei

Jumanne, 7 Mei 2024

Nimetoka Mbeya kumwona Joachim. Yuko kwa binti yake Yusta tangu Februari, ili awe karibu na hospitali. Wanamsafisha damu mara tatu kwa wiki — figo hazichuji tena. Miguu imejaa. Mikono inatetemeka. Akili ni ileile. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama gari la taka limeshatengenezwa. Nikasema bado. "Basi sijakosa kitu," akasema.

Ameandika barua ya udhuru. Yaani ameandika mkewe, Verediana, yeye akisema. Sahihi aliweka mwenyewe. Ilimchukua muda. Sote tulitazama kalenda ukutani mpaka alipomaliza.

Jambo lenyewe ni hili. Kanuni zetu zinasema diwani akikosa vikao vitatu vya kawaida mfululizo, bila ruhusa ya Mwenyekiti, kiti chake kinakuwa wazi. Hakuna kura, hakuna mjadala. Joachim amekosa viwili. Cha kwanza alikuwa amelazwa, hakuna aliyekumbuka karatasi. Cha pili aligoma kuandika. Alisema akiandika kwamba anaumwa, vijana wataanza kupima joho lake. Cha tatu ni keshokutwa. Ruhusa lazima iombwe kwa maandishi kabla kikao hakijafunguliwa. Ikiombwa hivyo, anabaki diwani.

Verediana aliniwekea bahasha mwenyewe, mfuko wa ndani wa koti.

"Shemeji, usimpe karani. Mpe Mwenyekiti mkononi."

"Mwache huyo," Joachim akasema. "Huyu hajawahi kupoteza hata kipande cha chaki."

Tulifundisha shule moja miaka kumi na tisa. Barazani tumekaa viti jirani tangu 2015. Nilipoaga hakunyanyuka, aliinua vidole viwili tu.

Alhamisi, 9 Mei 2024

Naandika kwa mpangilio, maana kichwani hakuna mpangilio.

Asubuhi manyunyu. Koti la kahawia lilikuwa na unyevu wa safari, nikavaa jeusi. Nilifika ukumbini saa tatu na nusu. Chai, chapati, yai la kuchemsha. Saa nne kamili daftari la mahudhurio likafika mezani kwangu. Majina yamepigwa chapa tayari, mtu anaweka sahihi tu mbele ya jina lake. Joachim ni namba saba. Mimi namba nane.

Hapo ndipo nilipotia mkono mfukoni. Leso na ufunguo.

Kwa bodaboda ni dakika kumi kwenda nyumbani, kumi kurudi. Lakini mlango wa mbele ulikuwa umeshafunguliwa, tumeamriwa kusimama, Mwenyekiti anaingia na joho lake. Ningeweza kumwambia kwa mdomo. Sikumwambia, kwa sababu Februari alishasema mbele ya wote: "Mwalimu Sedekia, mwambie rafiki yako, cha tatu bila karatasi mimi Habibu sitamlinda." Habibu ni mfanyabiashara. Karatasi kwake ni karatasi.

Nikaweka sahihi. Namba saba, kisha namba nane.

Sahihi yake naijua. Shuleni nilikuwa namsainia daftari la zamu akiwa uwanjani na timu, naye ananisainia nikiwa na kwaya. Mambo ya kawaida ya walimu. Nilijiambia: mapumziko ya saa saba naifuata bahasha, nampa Mwenyekiti hata kama imechelewa, namwomba Asmaa afute. Asmaa ndiye afisa wa vikao, anayeandika muhtasari. Nilimfundisha darasa la tano.

Kikao kilifunguliwa saa nne na dakika tano. Dua. Kuthibitisha muhtasari uliopita. Taarifa za kata. Choo cha soko mlango mmoja umeibwa. Mbwa wanaozurura. Taa za stendi zinawaka mchana na kuzima usiku. Dastan, diwani kijana anayekaa kulia kwangu, akasema hizo ni za wageni wanaofika mchana wakiwa wamesinzia. Watu wakacheka. Gari la taka — kipuri kimeagizwa.

Saa sita kasoro robo Mkurugenzi alimwinamia Mwenyekiti sikioni. Mwenyekiti akavua miwani. Joachim amefariki. Mbeya, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Tulisimama dakika moja. Nilihesabu vigae vya ukuta, safu ya tatu kutoka chini. Ishirini na sita.

Ajenda mbili zilikuwa zimebaki. Mwenyekiti akauliza tuahirishe au tuendelee. Mtu mmoja nyuma akasema marehemu alikuwa mtu wa kazi. Tukaendelea. Tukapitisha ratiba ya minada ya mifugo. Mimi ndiye niliyetoa hoja.

Daftari la mahudhurio lilikuwa limeshakusanywa.

Nimerudi nyumbani nimemenya viazi. Nimemenya vingi mno kwa mtu mmoja.

Jumamosi, 11 Mei 2024

Tumemzika. Madiwani wote kwa majoho. Lake liliwekwa juu ya jeneza, limekunjwa vizuri, kofia juu yake. Mwenyekiti amesema Joachim ameondoka akiwa mtumishi wa wananchi. Padri amesema vilevile kwa maneno mengine.

Verediana alinishika mkono muda mrefu. Nilingoja kuhisi kitu. Nilihisi baridi tu, sijui ni ya mkono wake au wangu.

Jumatatu, 20 Mei 2024

Koti la kahawia liko nyuma ya mlango. Bahasha imo. Sijaitoa.

Nimepiga hesabu. Kikao kilifunguliwa saa nne na dakika tano. Yeye saa nne na kumi. Kwa hiyo kwa dakika tano kulikuwa na kikao halali na Joachim alikuwa hai. Hoja ya kumfaa mwanasheria. Kasoro yake ni kwamba alikuwa umbali wa saa mbili kutoka ukumbini, kitandani.

Alhamisi, 13 Juni 2024

Umande umeganda leo, majani ya kabichi yamekuwa kama karatasi. Asmaa amekuja nyumbani jioni. Hakukaa mpaka nilipomwambia mara mbili.

"Mwalimu, naandaa muhtasari wa Mei. Kuna namba saba."

"Ipo namba saba."

"Mheshimiwa Joachim amesaini. Na mimi nilikuwepo, sikumwona."

Nilimwelezea. Siyo jambo lenyewe — nilimwelezea maana ya mahudhurio. Kwamba muhtasari hauandikwi kwa macho ya karani, unaandikwa kwa kumbukumbu zilizopo, na kumbukumbu ya mahudhurio ni daftari. Nilieleza vizuri. Nilisikia sauti yangu ileile ya darasani.

Akasema polepole, "Nikimfuta, anakuwa amekosa vikao vitatu bila ruhusa. Anakuwa alishapoteza kiti siku ileile. Mama Verediana hapati stahiki zozote, na lile joho tulilomwekea juu ya jeneza linakuwa la uongo. Nikimwacha, anakuwepo. Mimi naogopa vyote viwili. Niandike nini?"

"Andika kilichomo kwenye daftari."

"Sawa, Mwalimu."

Alikunywa chai nusu kikombe. Mlangoni akageuka. "Darasa la tano ulitufundisha kuhakiki kabla ya kuwasilisha." Hakusema kwa ubaya. Akaenda.

Niandike ukweli hapa, ambako hakuna wa kuusoma. Ningeweza kumpa bahasha. Barua ina tarehe saba Mei. Haina mhuri wa kupokelewa, lakini huenda baraza lingemwonea huruma mtu aliyekufa. Huenda. Kanuni hazisemi lolote kuhusu barua iliyosahauliwa kwenye koti. Lakini ningelazimika kusema nani aliweka sahihi.

Jumapili, 14 Julai 2024

Verediana amerudi kwake, kuta zilikuwa zimeota ukungu. Ameniita baada ya misa nimsaidie fomu za stahiki za marehemu. Nimejaza kwa herufi kubwa, kama wanavyotaka. Jina. Kata. Tarehe ya kifo. "Kikao cha mwisho kuhudhuria." Hapo nikaweka kalamu chini, nikasema tusubiri muhtasari uthibitishwe.

Akaniletea uji wa ulezi. Akakaa.

"Shemeji, ile barua uliwapa?"

"Niliwapa."

"Mkononi?"

"Mkononi."

"Waliipokea vizuri?"

"Waliipokea."

Majibu matatu. Nilikuwa natazama uji, juu umeweka ngozi.

Akasema hana haraka na hizo fomu, Yusta ndiye anayezihangaikia. Anachotaka ni barua. Asubuhi ile ya tarehe saba Joachim alijaribu sahihi mara nne kwenye gazeti kabla ya kuiweka pale. Gazeti wamelitupa. Barua ndiyo kitu cha mwisho alichoandika kwa mkono wake. "Wao wana mafaili mengi. Wabaki na nakala ya kivuli, mimi wanipe yenyewe. Nikamwombe yule binti Asmaa?"

"Nitakuombea mimi," nikasema.

"Alijua utaifikisha. Alilala vizuri usiku ule."

Nimerudi kwa miguu. Nimetoa bahasha kwenye koti. Nimeiweka ndani ya kamusi. Kisha nimeitoa kwenye kamusi nikairudisha kwenye koti. Siwezi kumpa tu — haina mhuri wa kupokelewa, atajua haikutoka kwangu.

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Makabrasha ya kikao yameletwa. Kurasa mia moja na arobaini. Dereva wa halmashauri ameniambia mwaka huu wamenunua projekta, kurasa zitakuwa zinaonyeshwa ukutani, "wazee msiumize macho".

Muhtasari wa tarehe tisa Mei uko mbele. Ukurasa wa kwanza, Waliohudhuria, namba saba: Mhe. Joachim. Chini yake: Waliokosa kwa ruhusa — Hakuna. Waliokosa bila ruhusa — Hakuna. Ukurasa wa nne: Baraza lilipokea kwa masikitiko taarifa ya kifo cha Mhe. Joachim, kilichotokea Mbeya saa nne na dakika kumi asubuhi.

Yupo ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa nne amekufa kwingine. Karatasi zimebanwa kwa pini moja.

Tangu 2015 sijaona mtu asome ukurasa wa kwanza. Kila mmoja hutafuta jina lake, akiliona anafunua. Keshokutwa Mwenyekiti atauliza ukurasa kwa ukurasa, tutaitikia "sawa", atatokea mtu wa kutoa hoja ya kuthibitisha. Kwa kawaida ni mimi. Ukishathibitishwa, ndiyo kumbukumbu sahihi ya baraza. Hivyo ndivyo kanuni inavyosema: sahihi. Verediana atapata stahiki zake. Asmaa atalala. Barua nitasema imepotea ofisini. Ofisini hupotea vitu.

Nimesoma mara mbili niliyoandika hapa juu. Hakuna kosa la mantiki.

Jumatano, 14 Agosti 2024

Ukumbini, saa nne na dakika ishirini. Naandika chini ya makabrasha, kama nifanyavyo taarifa zikiwa ndefu.

Kiti namba saba kimewekwa maua. Dastan amenong'ona, "Mwalimu, leo umepata jirani asiyekukatiza." Kisha ameona uso wangu, akasema samahani mzee wangu.

Verediana yupo. Sikujua. Mwenyekiti amemwalika apokee rambirambi za baraza baada ya ajenda. Amekaa viti vya wananchi, safu ya mbele, na Yusta. Amevaa nguo nyeusi na miwani yake ya kusomea. Alinisalimia kwa kichwa. Mkoba uko mapajani. Nadhani ametegemea kuondoka na barua leo.

Dua imeshapita. Akidi imetimia. Projekta imewashwa, kijana wa teknolojia amehangaika nayo kidogo, picha ilikuwa kichwa chini. Sasa imekaa. Ukurasa wa kwanza umejaa ukuta mzima, herufi zina ukubwa wa mkono. Hakuna diwani anayetazama ukutani. Wote wameinama kwenye karatasi zao, kwa mazoea.

"Ukurasa wa kwanza, waheshimiwa?"

"Sawa," tumeitikia. Na mimi.

Verediana anasoma. Midomo yake inacheza. Anasoma jina moja moja kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Amefika mahali akasimama. Amerudi juu. Ameshuka tena, mpaka chini, kwa waliokosa kwa ruhusa. Hakuna. Ameshuka mstari mwingine. Hakuna. Amevua miwani, ameifuta kwa kitambaa, ameivaa.

Sasa hatazami ukuta. Ananitazama mimi.

"Ukurasa wa pili?"

"Sawa."

Amesimama. Yusta anamvuta nguo. Mgambo wa mlangoni amempa ishara akae. Mwenyekiti ameona, amesema kwa upole, "Mama yetu, keti tu, zamu yako itafika." Hajaketi. Hajasema neno. Anajua haruhusiwi. Aliishi na diwani.

Kanuni ni hii: mwananchi hasemi ndani ya baraza mpaka mjumbe asimame na kumwombea nafasi. Mjumbe yeyote. Mmoja anatosha. Haitakiwi sababu, haitakiwi kuungwa mkono.

Asmaa ameacha kuandika. Kalamu yake imelala mezani, mikono iko chini.

Dastan amenigusa kiwiko. "Mwalimu, shemeji yako anakutaka."

Nimemwonyesha kwa kidole kwamba naandika.

Mwenyekiti hajataja ukurasa wa tatu. Inasikika feni ya projekta. Bado amesimama. Ngoja nimalize sentensi hii. Bado amesimama. Ngoja nimalize na hii