Wimbo wa Kusubiri

4 Machi

Kaka Wembe,

Salamu nyingi. Hujambo? Mama hajambo? Goti lake linasemaje? Mimi mzima, ila kazi imenishika koo. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema kumi na umekata.

Hapa kwenye kampuni ya gemu bado niko kwenye majaribio. Gemu tunayotengeneza ni ya msichana anayemtafuta mbwa wake mtaa kwa mtaa, na mimi nimepewa wimbo mkuu, ule unaoanza anapotoka mlangoni kwao. Mkuu wetu wa muziki akiupenda, napata ajira. Asipoupenda, nafungasha virago. Sikufichi.

Kaka, huo wimbo nimeupika hasa! Una fidla, una tarumbeta, una kwaya ya watu wazima. Si kama zile gemu tulizogombania utotoni, zenye sauti tatu za kulialia. Siku hizi muziki unamfuata mchezaji: adui akikaribia, ngoma zinaingia, akisimama kupumzika, inabaki fidla peke yake. Ukiusikia utajua mdogo wako amekua.

Nimekutumia kwenye simu. Upige hapo saluni uone wateja wanasemaje. Kuna na mwingine mfupi umeingia humo, ni wa kujazia tu wakati mtu anasubiri gemu ifunguke. Niliutunga mchana mmoja kwa sauti tatu za kizamani. Huo usihangaike nao.

Mdogo wako,
Filimbi


19 Machi

Mdogo wangu Filimbi,

Huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi tu, mdomo hauna tatizo lolote. Wewe unakula? Maana najua ukishika kazi unasahau kama una tumbo.

Wee mtoto wewe! Wimbo wako umeniletea balaa. Niliubonyeza asubuhi nikauacha ujirudie wenyewe, maana unajua mikono yangu kutwa imejaa nywele na povu, simu siigusi. Kufika mchana, dereva mmoja wa lori anaupiga mluzi huku nimemshikia wembe shingoni. Nikamwambia, "Bwana, tulia, nitakuchinja." Akanyamaza, akaanza kuupiga kwa miguu.

Na yule mwalimu wa hesabu, asiyecheka hata ukimtekenya, karudi juzi na nywele bado fupi. Nikamuuliza anataka kunyoa nini, ngozi? Akasema, "Nimepita tu. Ule wimbo bado upo?" Eti ameuimba darasani akisahihisha madaftari, darasa zima likamkodolea macho.

Mimi si mtaalamu, lakini umenikumbusha enzi zetu. Zile gemu ukifa unarudishwa mwanzo, na wimbo nao unaanza upya. Mimi nilikuwa nakufa kama nzi. Ndiyo maana zile nyimbo nazijua mpaka leo kuliko majina ya mashemeji zangu. Hongera sana, nimejivuna mpaka wateja wamenichoka.

Kaka yako,
Wembe


27 Machi

Kaka yangu mpenzi,

Mungu akupe umri mrefu, na Mama pia. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikapiga kelele ofisi nzima ikageuka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu. Ni mama mmoja mkavu, maneno kwake ni ya kuhesabu. Nikamwambia wimbo wangu unaimbwa na madereva na walimu. Akasema, "Kila mtu kaka yake anapenda wimbo wake. Niletee sauti zao."

Kwa hiyo nakuomba unirekodie. Spika uizime kabisa, kila mmoja aimbe anachokumbuka kichwani. Watu wakiweza kubeba wimbo wenye vyombo vyote vile, mkuu hana pa kupinga. Kikao ni mwezi ujao, na hapo ndipo wataamua kama nabaki. Fanya hima, kaka, roho yangu iko mkononi.

Mdogo wako,
Filimbi


5 Aprili

Filimbi,

Sote wazima. Nimekutumia sauti. Wanaume hawa, kelele zao zote za mpira, ukiwaambia waimbe wanakuwa kama bibi harusi. Dereva nilimtishia nitamwachia ndevu upande mmoja, ndipo akafungua mdomo. Mwalimu alijitolea mwenyewe, tena akaomba arudie kwa sababu alikohoa.

Waonyeshe! Mimi huku nakuombea.

Kaka yako,
Wembe


11 Aprili

Kaka,

Msalimie Mama. Mimi si mzima.

Umeniua. Nimesimama mbele ya mkuu na wenzangu wote, nikawaambia, "Sikilizeni wimbo wetu mkuu, unaimbwa na watu ambao gemu yenyewe hawajaiona." Nikabonyeza, kwa kiherehere hata sikuwa nimezisikiliza kwanza. Dereva wako akaanza, mwalimu akafuata. Ulikuwa ule wa kujazia! Ule wa kusubiri! Kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakuna hata mmoja aliyeimba wimbo wangu.

Kuna mwenzangu aliangua kicheko mpaka akashika meza. Mkuu akaniuliza, "Hii ndiyo kazi yako?" Sikujua uso niuweke wapi. Nilikuandikia wazi kabisa usihangaike nao! Barua yangu uliisoma, au uliifutia wembe?

Uamuzi umeahirishwa. Mimi nimeshaanza kukunja nguo. Tafadhali usiniandikie kwa sasa.

Filimbi


20 Aprili

Mdogo wangu,

Umeniambia nisikuandikie, ndiyo maana nakuandikia. Mama hajambo, anakusalimu, sijamwambia kitu.

Kwanza, samahani. Kwenye simu nilibonyeza wa juu nikadhani ndio wenyewe, halafu sikuigusa tena. Kosa ni langu. Lakini na mimi nina la kusema, na kwenye barua huwezi kunikata.

Ule mkubwa nimeupiga wiki nzima. Ni mzuri, jamani, nani akatae? Nyumbani nimeusikiliza nimelala, kwaya ilipoingia machozi yakanilengalenga. Lakini saluni! Mashine ya kunyolea ikianza kunguruma inameza fidla zote. Zinabaki ngoma mbili tatu, zinazuka na kupotea. Nikamuuliza mwalimu, "Umeupenda?" Akasema, "Sana." Nikamwambia, "Hebu uimbe." Akafungua mdomo, akaufunga.

Ule mdogo mashine haiuwezi. Una mahali pa kushika. Unapanda, unasita kidogo kama mtu aliyesahau funguo, halafu unashuka. Na pale unaposita, kila mtu kwenye kiti changu anataka kuumalizia mwenyewe. Wale watunzi wa zamani walipewa sauti tatu tu, hawakuwa na pa kujificha. Wewe umepewa kwaya nzima, umejificha nyuma yake.

Kasirika ukitaka. Lakini aliyeutunga ule mdogo ni wewe, si jirani. Kwa nini unauonea haya?

Kaka yako, hata kama hutaki,
Wembe


2 Julai

Kaka Wembe,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Mama hajambo? Na wewe, mgongo hausumbui kwa kusimama kutwa? Mimi nipo, na bado niko kazini. Hilo nilitaka uambiwe kwanza ili usome kwa raha.

Nilikukasirikia kweli. Barua yako niliitupa chini ya kitanda, halafu nikapiga magoti kuitafuta. Siku chache baadaye mkuu alikuja kwenye meza yangu, akavuta kiti, akasema, "Tangu kile kikao, huo upuuzi wako nauimba bafuni. Mume wangu amenichoka." Nikadhani ananitania. Kumbe mhasibu naye anauimba, na yule aliyenicheka ndiye kinara wao, anaupigia kijiko kwenye kikombe.

Akaniambia niuanze upya wimbo mkuu kutokana na ule mdogo. Nikabisha, nikamwambia ni wa kitoto. Akasema, "Basi ulee," akainuka akaenda zake.

Nimetupa zaidi ya nusu ya kazi yangu, kaka, na niliumia, nililia kabisa. Sasa msichana anatoka mlangoni na zile sauti tatu tu, kavu hivyo hivyo. Kila mtaa anaopita kinaingia chombo kimoja, na kwaya inaingia pale tu anaposikia mbwa wake anabweka kwa mbali. Muziki bado unamfuata mchezaji kama nilivyokueleza, lakini hata ngoma zikija juu, ule wimbo unausikia ndani. Na nimeiba ujanja wako: jirani hapa kuna karakana ya useremala. Kila nilichomaliza nilikipiga pale msumeno ukikata mbao. Kisichopenya nikakifuta. Maseremala wananiita Mama Kelele.

Gemu inatoka mwezi ujao. Mkuu ameongeza mkataba wangu kidogo tu. Anasema sisi wa ofisini si mashahidi, na wateja wako pia si mashahidi kwa sababu uliwafungia ndani na wimbo. Watu tusiowajua wakiubeba, nitabaki. Wakiuacha humo humo kwenye gemu, tutaagana vizuri.

Naogopa, kaka. Ule mkubwa ukikataliwa ningesema hawajui muziki. Huu ukikataliwa, nimekataliwa mimi.

Mdogo wako,
Filimbi


15 Oktoba

Filimbi wangu,

Hatujambo sote, nawe natumaini hujambo. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi nimeiomba mapokezi, maana nikingoja mpaka nyumbani nitaanza kutia chumvi. Usishtuke, ni goti tu, Mama amekuja kuangaliwa. Foleni ni ndefu, watu wamenuna, spika ya ukutani inaita majina kwa sauti ya bati.

Akapita nesi anasukuma kitoroli cha dawa, gurudumu moja bovu linapiga kelele kama nini. Na juu ya kelele zile, anauimba. Wako! Unapanda, unasita, unashuka. Nilisimama kama niliyeumwa na nyuki. Nikamuuliza, "Dada, samahani, huo wimbo umeutoa wapi?" Akanitazama kama mgonjwa aliyekosea wodi. Akasema, "Hata sijui unaitwaje. Binti yangu anacheza gemu moja ya mbwa nyumbani. Umeniganda wiki nzima, hautoki."

Mwambie huyo mkuu wako: huyu nesi simjui, sijamnyoa mtu wa kwao hata mmoja, na sikumfungia popote. Akitaka shahidi, aje hapa, tuko foleni nzima.

Nilitaka kumwambia nesi ni wako, nikawahiwa. Mimi, Wembe, kuwahiwa neno! Aliyesema ni Mama. Ameshika mkono wa benchi, akasimama na goti lake hilo hilo, akasema kwa sauti, "Huo ni wa binti yangu. Ni mtunzi wa muziki." Unamjua Mama. Miaka yote hii watu wakimuuliza unafanya kazi gani, anasema "mambo ya kompyuta," halafu anaulizia bei ya sukari. Leo amelitamka mbele ya watu wote hawa.

Nesi akacheka, akadhani ni utani. Mama hakubishana naye. Aliudaka wimbo pale pale nesi alipouachia, akaendelea nao, bila kukosea. Hata mimi sikujua kama anaujua. Sijui amejifunzia wapi, saluni kwangu haji, na nikimuuliza anasema nisimsumbue.

Nimelia, naandika hivyo hivyo, sina haja ya kuficha. Mzee mmoja mwenye bandeji kichwani amenipa leso yake.

Daktari ameshamwita Mama mara mbili. Mama amemwambia asubiri kidogo, nesi bado hajaishika vizuri sehemu ya kwaya.

Kaka yako,
Wembe