Karani wa Baba Amejifunza Kusalimu

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Mtundu,

Marahaba, naipokea kabla hujaniamkia, maana nakujua. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Na wifi yangu, bado anakuvumilia? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu shukrani hii naiona kubwa kuliko ujumbe wa simu.

Unajua hali ilivyokuwa tangu Baba augue. Ya zamani anayo yote, ya jana hana. Viatu vya watu vya kutengenezwa vilijaa kibandani kwake, naye hajui vipi ni vya nani wala walikubaliana nini. Siku alipompa mwalimu wa chekechea viatu vya dereva wa lori, watu walicheka. Akafunga kibanda, akaja kukaa sebuleni anautazama ukuta. Niliogopa, Mtundu. Niliona tunampoteza angali amekaa nasi.

Ndipo nikakuganda kuhusu ile shajara yako, ile programu uliyojitengenezea ikukusanyie mambo ya siku bila kushika kalamu. Ukaniambia inafanya kazi kwenye kompyuta yako tu. Sikukuelewa, wala sikutaka kukuelewa. Asante kwamba hukunichoka. Ukaileta kwanza kwenye simu yangu, halafu ukahangaika nayo hadi ikaweza kumpigia Baba kwenye kile kisimu chake cha tochi, imsikilize jioni, imrudishie maneno yake asubuhi.

Sasa nikuambie kwa nini nilikusumbua tena wakati wewe ulidhani umemaliza. Jioni ya kwanza ilipiga na kuuliza moja kwa moja, "Leo umefanya nini?" Baba akaitazama simu, akakata.

"Huyu karani kalelewa na nani?" akaniuliza. "Hata shikamoo hana, anataka habari zangu."

Ndiyo maana nilikuomba uweke sauti yako mwenyewe, umsalimie kwanza, umuulize usingizi na ule mguu wake unaouma, ndipo uingie kwenye kazi. Najua ulicheka. Lakini ulifanya, na Mungu akubariki kwa hilo.

Sasa wanaongea vizuri tu. Anamtajia kila kiatu na mwenyewe: soli ya muuza magazeti bado, gundi haijashika, kisigino cha bibi harusi ni kesho kutwa, asidanganywe. Asubuhi anajisikiliza huku anakunywa chai, anatikisa kichwa kama bosi anayepewa taarifa, kisha anachukua funguo na kutoka. Kibanda kiko wazi, mdogo wangu. Juzi yule mwalimu alikuja tena, akapewa viatu vyake mwenyewe, akamtania Baba kuhusu vile vya dereva, na Baba akacheka. Mimi nilijificha nyuma ya mlango nikalia.

Mama anaona wivu kidogo. Anasema tangu aolewe hajawahi kuulizwa habari za siku yake kwa adabu namna hiyo.

Anakusalimu sana. Shemeji yako pia anakusalimu, na Kibonge, ambaye ameota meno na anauma kila mtu. Nifikishie salamu kwa wifi, mwambie kitambaa alichotuma nimeshakishona.

Limebaki moja. Kila jioni, akimaliza habari za viatu, Baba huuliza, "Na wewe mwanangu, umekula?" Kisha husubiri, simu ikiwa sikioni. Karani humshukuru na kumwambia maneno yake yamehifadhiwa. Anajua ni mashine, nilimweleza na akaelewa. Ila sauti ni yako, na hilo swali halimpotei hata siku moja. Jana alikata simu akaniambia taratibu, "Leo pia hajasema."

Mpigie. Mwambie tu kwamba umekula.

Mungu akulinde huko uliko, na mikono yako isipungukiwe kazi njema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukusumbua.