Nilipaka Disketi Mafuta

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, nguo zimekataa kukauka, na mimi sina raha.

Shule sikuwahi kwenda. Naongea, simu inaandika. Ikiandika upuzi, mtanivumilia.

Binti yangu Nekesa alifutwa kazi ofisini, akarudi kwangu hapa Mbotela na kompyuta kuukuu zilizokuwa zimetupwa. Anatengeneza Linux ndogo, programu ya kuendesha kompyuta, ya kuingia yote kwenye disketi moja, kile kibapa cha plastiki cha zamani. Ukichomeka na kuwasha, kompyuta iliyokaribia kufa inakuwa ruta, inagawa intaneti nyumba hata kumi. Mwaka mzima amekuwa akipunguza, anatoa hapa, anafinya pale, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Mtoto wangu ana kichwa. Anayebisha aje aniambie usoni.

Mwalimu wa chekechea hapa jirani alisema ikiwaka kwake, atampa kazi ya kuweka intaneti shuleni.

Lakini hizo kompyuta kuukuu zinawaka kwa disketi tu, na disketi hazitengenezwi tena. Nekesa alipata kumi kwa fundi mmoja mjini. Tisa zikaharibika. Ikabaki moja.

Sasa niseme ukweli.

Ijumaa alipoenda dukani nilichukua mafuta ya maombi. Kwangu hakuna kitu kinaanza kazi bila kupakwa. Cherehani nilipaka. Meza ya mboga nilipaka. Nekesa mwenyewe, kila akienda kutafuta kazi, nampaka. Nikasukuma kile kibati cha disketi, nikaona kitu cheusi laini ndani, nikasema huu ndio moyo wake. Nikachora msalaba.

Jumamosi kwa mwalimu disketi ilikwaruza tu, kompyuta haikuwaka. Mwalimu akashukuru kwa upole, akasema ataita mtu mwingine.

Tangu hapo Nekesa hali vizuri. Anadhani kosa liko kwenye kazi yake, anaibomoa kipande kwa kipande akilitafuta. Jana akasema labda yeye hana akili ya mambo haya. Nikamwongezea ugali tu.

Mwoga mkubwa, mimi.

Leo mchana nimemwambia. Alienda kupunguza moto wa maharagwe. Halafu akasema, "Mama, hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

Nikamwambia nitazunguka mji mzima kwa miguu yangu nitafute nyingine. Akasema ameshazunguka, hakuna. Kazi yote iko salama kwenye kompyuta yake, lakini haina mahali pa kukaa. Kama yeye alivyokosa pa kukaa akarudi kwangu, nikawaza.

Kisha akaniuliza kama mafuta yamebaki. Nikasema yamebaki kidogo.

Akainamisha kichwa, kama anavyofanya kila akienda kutafuta kazi.

Nimempaka. Ila maneno ya kuomba hayakuja.

Kesho akiinamisha kichwa tena, nitamwambia Mungu nini?