Nimeisingizia Chai ya Mkamwana Wangu

Mshauri mpendwa Anyes,

Wasomaji wanakuita Shangazi, mimi siwezi, umri hauniruhusu. Nina miaka sabini na sita, nimezika kaka zangu wanne na baiskeli tatu, nimepita njaa mbili na ile mvua iliyobeba daraja, na katika vijana kumi na mmoja tuliokuwa tunapeleka pamba ghalani kwa baiskeli nimebaki mimi peke yangu ninayeendesha, mwingine yupo hai lakini anabebwa. Shule niliishia darasa la pili, barua hii naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo ukiona inakwenda mbio bila kupumua ujue ndivyo ninavyoendesha.

Msaada ninaoomba ni mdogo ila umeninyima usingizi. Hapa Bariadi kuna watumishi wa serikali waliohamishiwa kutoka mikoa ya mbali, kila Jumamosi wanapanda baiskeli kwenda vijijini na kurudi jioni, hawabebi mzigo, hawaendi kwa mgonjwa, wanaendesha tu kwa kupenda, mwanzoni niliwahurumia. Siku ya kwanza niliwakuta wamekaa kando ya barabara juani wanakula biskuti, kiongozi wao Clement, mpima ardhi, anaikodolea simu macho imwonyeshe mgahawa. Nikamuuliza, "Bwana mpima, hiyo simu imewahi kunywa chai huku?" Wakacheka, nikawaongoza, wakanywa chai ya maana, na toka siku hiyo wakanipa cheo, Mkuu wa Vituo vya Chai.

Cheo hicho nakiweza kuliko mtu yeyote mkoa huu. Mimi nikifika mahali sitazami rangi ya ukuta, natazama kama kuna mahali pa kuegemeza baiskeli ukaiona ukiwa umekaa, natazama maji ya kunawa yanaletwa kabla hujaombwa au mpaka upige kelele, nauliza andazi limekaangwa saa ngapi, na mwenye mgahawa akianza kufikiri najua ni la jana. Mahali penye nzi wengi kuliko wateja sikai, na mahali pasipo na nzi hata mmoja sikai pia, hapo hapana chakula. Sasa katika kujisifu nikawaambia kwa kinywa changu, toka Bariadi mpaka Malampaka, toka Malampaka mpaka Nassa ziwani, hakuna jiko la chai lisilonijua mimi Mahona. Hapo ndipo nilipojifunga kamba.

Mwanangu Mabula ni seremala, anakaa njia panda ya kwenda Ipililo, na mke wake Jenifer, sisi tunamwita mama Salu, amefungua mgahawa hapo mwaka jana. Mtoto mzuri yule, miaka saba yuko kwetu sijamsikia akiinua sauti. Lakini kwetu Wasukuma wa zamani baba mkwe hali mbele ya mkamwana, hakai naye benchi moja, na yeye halitaji jina la baba mkwe hata umshikie fimbo. Ndivyo nilivyolelewa, na siwezi kubadilika nikiwa na miaka sabini na sita eti kwa sababu ya chapati. Sasa ningewapelekaje wale watu pale halafu mimi mkuu wao nisimame nje kama mdai? Nikawa nawapitisha njia ya nyuma, kilomita sita zaidi, mchanga na miiba, tunatokea kwa Maduhu, ambaye chai yake ni baridi na andazi lake unaweza kuzuilia tairi. Mwatima, nesi wetu kutoka Tanga, akanilalamikia, "Babu, njia hii ina nini? Nimeshaziba pancha mbili." Nikamjibu, "Mjukuu wangu, njia nzuri haikufundishi kuendesha."

Utauliza kwa nini sikusema tu kwamba pale ni kwa mkamwana wangu. Siku moja tulimwona mwanamume amejiingiza kichakani kumpisha mama mkwe wake apite barabarani, Clement akacheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Nikasema moyoni, aha, huyu akijua yangu nitakuwa kichekesho toka Bariadi mpaka Maswa.

Mwezi uliopita nikashikwa na homa, Jumamosi wakaenda bila mimi, na bila mimi wakafuata barabara kubwa, wakafika njia panda. Jumapili wakaja kunijulia hali, mke wangu Nyanjige yuko kanisani, Clement hajakaa vizuri anaanza, "Mzee, jana tumekunywa chai! Maziwa matupu, tangawizi, chapati zinatoka motoni, na sahani ya matobolwa, vile viazi vyenu vya kuchemsha na kukausha. Kumbe ulikuwa unatutesa kwa Maduhu makusudi?"

Akaendelea, "Tukamuuliza yule dada, unamjua Mzee Mahona? Akainamisha kichwa, akarudi jikoni. Mara ya pili, vilevile! Mzee, jiko lisilokujua limepatikana!"

Wakacheka wote, hata Mwatima. Mimi najua kwa nini mtoto aliinamisha kichwa, lakini kicheko kile kilinipanda, nikasema, "Pale? Pale mimi siwezi kukanyaga. Chai yake inanuka moshi, na yule mwanamke hajui wageni."

Nilisema hivyo, Anyes. Halafu walipoondoka, Mwatima akaniachia chupa ya chai aliyokuwa amechukua kulekule jana yake. Hili sijamwambia mtu. Ilikuwa imepoa, ya tangu jana, nikaenda nayo nyuma ya zizi nikainywa yote nimesimama, na toka mama yangu afariki sijanywa chai kama ile. Nikaosha chupa mwenyewe ili Nyanjige asiulize.

Jumamosi iliyofuata bado sina nguvu, wakarudi njia panda, na Clement kwa mdomo wake akamwambia yule mtoto kwa utani, "Dada, mzee wetu Mahona anasema chai yako inanuka moshi na hujui wageni." Wanasema alikusanya vikombe, akaviosha. Jumatatu akazima jiko na kupindua mabenchi. Leo wiki ya tatu. Mabula akanipigia simu, "Baba, mke wangu anauliza kosa lake. Nimjibu nini?" Nikasema chaji inakwisha, nikakata. Juzi akapiga tena, anasema mama Salu anataka kwenda kwao Nassa akapumzike kidogo, na wewe unajua mwanamke akisema anakwenda kupumzika kwao maana yake nini. Nyanjige aliposikia hakunigombeza, na hilo ndilo baya, ananiwekea uji bila maziwa na kusema, "Mkuu wa Vituo, uji huo hapo."

Sasa nimepona, Jumamosi inakuja, Clement anauliza tunasimama wapi. Ninataka mtoto arudi kwenye jiko lake asiende Nassa. Lakini siwezi kukaa mbele yake, na kuomba radhi siwezi, toka nizaliwe sijamwomba mtu radhi, nina sifa hiyo mpaka Shinyanga. Nishauri njia ya tatu.

Kama unadhani nimeongeza chumvi, muulize Ngeleja fundi baiskeli pale sokoni Bariadi, ameziba pancha zote za njia ya nyuma. Muulize Maduhu, ingawa atatetea chai yake. Na Nyanjige atakuthibitishia yote, ila usimtajie habari ya chupa.

Mahona, Bariadi


ANYES ANAJIBU

Mzee Mahona, shikamoo. Heshima yako nimekupa, sasa vumilia.

Nimecheka barua yako mpaka nikafika kwenye mabenchi yaliyopinduliwa, hapo kicheko kikaniishia. Hebu angalia mwenyewe kilichotokea pale njia panda. Watu wageni walimuuliza mkamwana wako kama anakujua. Angeweza kusema, "Ni baba mkwe wangu," akapata sifa na wateja. Hakusema. Aliinamisha kichwa mara mbili, akakubali aonekane hajui watu, ili tu jina lako lisitoke mdomoni mwake. Mila unayojisifia ameishika yeye, mzee wangu, na ameishika vizuri kuliko wewe, maana mila haijasema baba mkwe atukane chai. Imesema asiinywe mbele ya mkamwana, basi.

Wewe hukukwepa pale kwa heshima. Ulikwepa kwa kuogopa kuchekwa na mpima ardhi. Mtu aliyepita njaa mbili anaogopa meno ya Clement!

Mimi nimezaliwa Magu na nimeolewa Bariadi, baba mkwe ninaye. Miaka kumi na tisa sijamwona akitafuna. Anakula chumba cha pili, na chakula kikimpendeza anakohoa mara tatu. Samaki wa mchuzi, mara tatu. Mlenda, mara tatu. Kuna siku nilichoka sana, nikatamani kutupa mwiko, nikasikia kile kikohozi ukutani nikaendelea kupika. Mama Salu miaka saba hajasikia hata kikohozi, na neno la kwanza lililomfikia kutoka kwako ni moshi. Unashangaa anakumbuka Nassa?

Fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumamosi.

Leo jioni mweleze Nyanjige kila kitu, na chupa uiseme. Samahani, siwezi kukusaidia kumficha mke wako kitu ambacho nimekichapisha gazetini. Kesho yeye atangulie njia panda akakae na mkamwana wake, maana maneno ya baba mkwe hupitia kwa mama mkwe, hiyo nayo ni mila, au umeisahau kwa sababu haikufai? Nyuma yake apelekwe ng'ombe. Simaanishi yule dume unayetaka kumpunguza zizini. Peleka ng'ombe wa maziwa, anayekamuliwa sasa, na ndama wake. Mabula ampokee mbele ya majirani. Hutaki kutamka radhi, sawa, acha ng'ombe aitamke. Lakini Mabula umpigie simu mwenyewe umjibu lile swali, kosa la mke wake ni lipi. Mwambie hakuna. Neno moja tu, chaji itatosha.

Jumamosi kabla hamjapanda baiskeli, waambie wenzako, "Yule ni mkamwana wangu, kwetu baba mkwe hali mbele yake, na habari ya moshi niliisema uongo." Watacheka. Waache wacheke. Mwatima wa Tanga ana mambo ya ukweni kwao ambayo wewe ukiyasikia utaanguka kwenye baiskeli, na huyo Clement subiri aende kutoa posa, tutamwona akitafuta kichaka. Yeye pia amekosa: neno la mzee alilipeleka kwa mke wa mtu kama mzaha. Awe wa kwanza kushuka na kugeuza yale mabenchi.

Wewe hukatazwi kufika pale. Mabula ni seremala, akutengenezee benchi lako upande wa nyuma wa ukuta wa jiko, ambapo baiskeli yako unaiona. Mwatima akuletee kikombe huko. Mama Salu hatakuona, nawe hutamwona, ila ukuta wa jiko la kijijini unapitisha sauti. Ukishakunywa, sema. Nawajua wanaume wa umri wako, mkipewa kitu kizuri mnasema, "Si mbaya." Usithubutu. Taja maziwa, taja tangawizi, taja mikono iliyopika, na useme kwa sauti hiyohiyo uliyokuwa unajisifia nayo toka Bariadi mpaka Nassa.

Halafu nyamaza, usikilize. Ukisikia sufuria inarudishwa motoni, kaa. Unaongezewa.